Maandishi ya Fundi wa Tisa

Kiuno cha Robo Saa, fundi wa saa, kiligoma Jumanne asubuhi, akiwa ameikumbatia saa ya Bi Mkunga kama bwana harusi aliyembeba bibi harusi bila kupima uzito kwanza. Saa yenyewe haikupata hata mkwaruzo. Alifanikiwa kuitua juu ya meza ya kazi. Yeye ndiye aliyebaki amepinda, uso ukitazama viatu vyake, na kila alipojaribu kujinyoosha alitoa mlio ambao mke wake, aliyekuwa chumba cha nyuma, alidhani ni wa kengele mpya. Daktari alikuja, akamchoma sindano mbili, akaamuru alale chali sakafuni siku tano, tena bila godoro.

"Siku tano!" alisema Robo Saa. "Daktari, mimi nina kazi."

"Kazi haina kiuno," daktari alijibu. "Mwenye kiuno ni wewe."

Jina la Robo Saa alipewa na mtaa. Ukimpelekea saa yako ukauliza itakuwa tayari lini, anakuambia "robo saa tu," nawe unarudi baada ya mwezi. Hakuwa mvivu, tusimsingizie. Ni kwamba saa alizozipenda ni zile za muziki, za kale, zilizoundwa na mafundi waliofariki kabla babu yake hajaota meno, na saa za namna hiyo hazipelekwi mbio. Ndani yake mna pipa dogo la shaba lililochomekwa misumari myembamba, mamia kwa mamia. Pipa likizunguka, kila msumari unanyanyua nyundo yake, nyundo inagonga kengele, na wimbo unatoka. Springi ndiyo inayolisukuma pipa hilo. Bawa dogo la bati, linalozunguka likipigana na hewa, ndilo linalolizuia lisikimbie. Sasa wewe toa bawa kabla hujailegeza springi, uone. Pipa litatoka mbio kama mbuzi aliyekata kamba, misumari italala, nyundo zitapinda, na wewe utatafuta kazi nyingine. Jambo hilo mwanafunzi hufundishwa siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Aliyemfundisha Robo Saa ni baba mkwe wake, ambaye sasa ni marehemu, na ambaye kila mtu alimwita Mzee. Mzee alikuwa na sheria nyingi, lakini moja hakuwa na mzaha nayo. Fundi yeyote anayeifungua saa sharti aandike kwa ncha ya sindano, upande wa ndani wa bamba la nyuma, pale ambapo mwenye saa hapaoni kamwe: tarehe, alichokikuta na alichokifanya. Fundi atakayefuata, awe wa kesho au wa miaka mia ijayo, atasoma na kujua mkono wake unaingia wapi. "Mteja ukitaka mdanganye," Mzee alizoea kusema. "Mkeo jaribu, utajua mwenyewe. Lakini bamba haliambiwi uongo." Ndani ya saa ya Bi Mkunga mlikuwa na maandishi ya mafundi tisa, wa kwanza akilalamikia baridi, wa nne akimtukana wa tatu.

Wa tisa alikuwa Robo Saa. Ndiyo maana Jumatano asubuhi, alipoamka na kugeuza shingo pale sakafuni na kuiona meza ya kazi tupu, alisahau kabisa kwamba ana kiuno.

"Iko wapi?" alipiga kelele.

"Iko wapi nini?" Mke wake alikuwa akikunja nguo.

"Saa ya Bi Mkunga!"

"Nimeipeleka ng'ambo ya barabara, kwa kaka yangu. Sili kwake, lakini fundi mwingine hayupo. Bi Mkunga anaitaka iimbe Jumapili, wakunga wenzake waliostaafu wanamtembelea. Wewe umetandikwa hapo kama zulia. Ulitaka nifanyeje? Tuliibeba mimi na kinyozi, na hatukuvunjika viuno."

Robo Saa alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa tayari amelala juu yake, lakini ardhi haikuonyesha nia yoyote.

Hapa inabidi nitoboe siri, maana hakuna aliyeijua isipokuwa Robo Saa na bamba. Miaka kumi na mmoja nyuma walikuwa wakifanya kazi watatu katika chumba kimoja: Mzee, mtoto wake wa kiume, na Robo Saa aliyemuoa binti yake. Huyo mtoto, yaani shemeji, ndiye aliyekuwa na mkono. Aliweza kuchomeka msumari kwenye pipa bila lenzi, huku anasimulia mpira. Robo Saa alimwonea wivu, na kwa kuwa wivu hauna pa kuwekwa aliuita bidii. Siku moja shemeji alikuwa ameanza kuifungua saa ya Bi Mkunga, akatoka kwenda kununua chai. Robo Saa akajisogeza kwenye kiti chake, ili Mzee akirudi akute kazi imeendelea na aulize nani kaiendeleza. Alidhani springi imeshalegezwa. Akafungua skrubu moja, akatoa bawa.

Kengele kumi zililia kwa mpigo, kama sinia la vikombe linaloteremka ngazi, na ngazi hazikuisha upesi. Kulipotulia, misumari ya nyimbo mbili kati ya tano ilikuwa imelala chali. Robo Saa alilidondosha bawa sakafuni, akatoka kwa mlango wa nyuma, akajifungia chooni. Nia yake ilikuwa akae dakika moja apate akili. Alipotoka, Mzee alikuwa amesharudi, shemeji amesimama kando ya meza na kikombe cha chai mkononi, na hukumu imeshatolewa mbele ya wateja wawili.

"Mtoto wangu mwenyewe!" Mzee alikuwa akifoka. "Siku ya kwanza nilikufundisha nini?"

Shemeji hakujitetea hata kwa neno moja. Jioni ile alikusanya bisibisi zake akaondoka, akafungua kibanda ng'ambo ya barabara, na Mzee alifariki mwaka mmoja na nusu baadaye bila baba na mwana kuketi tena pamoja.

Robo Saa aliingoja nafasi nzuri ya kusema. Kwanza Mzee alikuwa na hasira, kisha akawa mgonjwa, kisha akawa marehemu, na nafasi nzuri haikuonekana. Alichokifanya ni kuichomeka upya misumari yote iliyolala, kazi ya wiki sita, na siku ya kulifunga bamba mkono wake uliichukua sindano wenyewe. Aliandika: *Bawa lilitolewa springi ikiwa na nguvu. Nimefanya mimi. Shemeji hakuwapo.* Kuliambia bamba uongo kulimshinda. Baada ya hapo alihakikisha tu kwamba hakuna atakayelisoma. Hakumruhusu fundi mwingine aiguse saa ile hata kwa kitambaa cha vumbi, na Bi Mkunga alidhani ni mapenzi ya kazi.

"Nipe viatu," alimwambia mke wake.

"Daktari amesema—"

"Nipe viatu, mwanamke!"

Kwa namna alivyopinda, viatu ndivyo vitu pekee alivyoweza kuviona vizuri. Alitoka mlangoni akiwa amekunjika kama ndoano, mkono mmoja nyuma ya kiuno, akaanza kuvuka barabara huku akitazama lami. Hakuona nyuso. Alipita malapa meupe ya muuza dawa, akapita tairi la pikipiki lililofunga breki hatua moja kutoka kwenye pua yake, akafika kwenye magoti ya fundi viatu aliyekaa na mavumbi yake yote kona ya barabara.

"Umeangusha nini nikusaidie kutafuta?" fundi viatu aliuliza.

"Skrubu," alijibu Robo Saa, akaendelea.

Kibanda cha shemeji kilijaa saa za plastiki za ukutani, zote zikienda sawasawa, na kadi za betri ndogondogo zimening'inizwa dirishani pamoja na mikanda ya saa za mkono. Saa ya muziki hakukuwa na hata moja. Kwa sababu hiyo mtaa ulimwita Bwana Betri, na jina hilo, tuseme ukweli, lilibuniwa na Robo Saa mwenyewe siku moja akiwa amechangamka. Wawili hao hawakuwa wamesemeshana tangu siku ile ya kengele. Kila walilotaka kuambiana lilipitia kwa mama mkwe, mjane wa Mzee, ambaye asubuhi alishinda kwa mtoto wake wa kiume na mchana kwa binti yake. Naye alikuwapo, kwenye kiti chake cha karibu na mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu inua uso nikuone."

"Siwezi, mama."

"Basi marahaba ya kisogo."

"Mama," alisema Bwana Betri bila kugeuka, "muulize huyo anataka nini."

"Mama, mwambie nimefuata saa ya Bi Mkunga. Ni mteja wangu."

"Mama, mwambie saa ya mteja wake imeletwa hapa na mke wake."

"Mimi si simu," alisema mama mkwe. "Miaka yote hii ni mwambie, muulize, mwambie. Hata simu hupumzika ikiishiwa chaji."

Robo Saa alijisokota shingo mpaka akaiona meza. Saa ilikuwa imegeuzwa mgongo. Skrubu nne za bamba zilikuwa bado mahali pake. Alipumua, kisha akaona bisibisi mkononi mwa shemeji, akaacha kupumua.

"Mama, mwambie asiifungue. Saa hiyo ina wadudu."

"Wadudu gani wanaokula shaba?" aliuliza mama mkwe kwa niaba yake mwenyewe.

"Wa kigeni."

Bwana Betri aliinamia saa. Alipeleka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza, akairudisha. Akaifuta kwa kitambaa. Akaipeleka tena, akairudisha tena, akainuka kufungua pazia.

"Mama, mwanga leo ni mbaya," alisema.

"Mbaya sana!" alidakia Robo Saa. "Mwanga huu hata mimi nisingethubutu."

"Labda mchana."

"Mchana jua litapiga kwenye kioo. Labda kesho."

"Kesho nina betri nyingi za kubadilisha."

"Betri kwanza. Betri hazingoji."

Mama mkwe aliwatazama kwa zamu. Tangu siku ile ya kengele hakuwahi kuwasikia wakikubaliana, na sasa walikubaliana kwa mambo manne mfululizo. "Ninyi watu wazima," alisema, "mnaiogopa saa?"

Bwana Betri akaiweka bisibisi chini. "Mama, mwambie aichukue. Sitaifungua."

Robo Saa aliusikia moyo wake ukirudi mahali pake. Ameshinda! Atamtuma mtu aibebe, atalala sakafuni kwake siku zake tano kwa raha zake, na bamba litaendelea kunyamaza. Aliugeuza mwili wote kuelekea mlangoni, maana kugeuza nusu kulikuwa hakuwezekani, akapiga hatua ya kwanza.

"Mwambie mkono wangu umekataa," Bwana Betri aliendelea, na sauti haikuwa ya kugombana tena. Alikuwa akizungumza na mama yake. "Hii ndiyo saa niliyoiharibu, mama. Nadhani nililegeza skrubu ya bawa, nikaiacha hivyo nikaenda kufuata chai, ikajitoa yenyewe. Nilirudi nikalikuta bawa sakafuni. Kila nikilala najaribu kukumbuka, na sikumbuki. Tangu siku ile nikishika saa ya muziki vidole vinacheza. Baba amekufa akijua mtoto wake hana mkono. Na mimi nimekubali. Betri haina lawama, unatoa ya zamani unatia mpya."

Robo Saa alisimama. Miaka yote alikuwa akiamini kwamba shemeji anajua hana kosa, amekasirika tu, na anauza betri kwa ukaidi. Mtu aliyekasirika unaweza kuishi ng'ambo ya barabara kutoka kwake na usingizi ukaja. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba mwenzake ameamini. Alipotazama chini, na chini ndiko alikoweza kutazama, aliiona miguu ya shemeji chini ya meza, imebanana kama ya mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu. Robo Saa aliona haya. Haya alizozizoea ni zile za kuogopa kukamatwa. Hizi zilikuwa nyingine, na hazikumwonyesha mlango.

Mlango ulikuwa hatua tatu mbele yake.

"Ifungue," alisema.

Saa za ukutani ziliendelea na kazi yake. Mama mkwe alivua miwani.

"Umenisemesha mimi?" aliuliza Bwana Betri.

"Nimekusemesha wewe. Legeza springi, fungua bamba, usome ndani."

Angeweza kulisema lile jambo kwa mdomo, lilikuwa maneno machache tu. Lakini ulimi ulikuwa umekwisha kuwa mzito kwa kukaa bila kazi, na bamba lilishasema muda mrefu.

Bwana Betri akakaa. Alitia ufunguo akailegeza springi kidogokidogo, mlio mmoja baada ya mwingine. Skrubu ya kwanza ilimponyoka ikaanguka, ya pili ikamtii. Kufika ya nne mkono ulikuwa umeshakumbuka ulikotoka. Alilitoa bamba, akalielekeza dirishani, akabandika lenzi jichoni. Alisoma kuanzia fundi wa baridi, kama walivyofundishwa, bila kuruka mtu. Wa tisa alimsoma mara moja. Akasoma mara ya pili. Akalifuta bamba kwa kidole gumba, kana kwamba huenda maandishi ni vumbi.

"Limeandikwa nini?" aliuliza mama mkwe.

Alimsomea. Yule mama aliilaza miwani mapajani. "Mume wangu alikuwa akiuliza kila jioni kama kibanda kimefungwa salama," alisema. "Alikuwa akikuulizia wewe. Hakujua aanzie wapi." Akayapangusa macho kwa kiganja.

Bwana Betri akageuka. "Kwa nini hukusema?"

"Niliandika. Bamba haliambiwi uongo."

"Na mimi je?"

Robo Saa aliiokota ile skrubu iliyoanguka, akamwekea mezani.

Bwana Betri aliinuka akatoka nje hadi katikati ya barabara. Alikuwa mtu mnene, mtaratibu, ambaye mtaa haukuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Si mimi!" alipiga kelele. "Jamani, si mimi!"

"Si wewe nini?" aliuliza fundi viatu.

"Si mimi niliyeharibu saa ya Bi Mkunga!"

"Kwani imeharibika?"

"Miaka kumi na mmoja iliyopita!"

Fundi viatu alifikiri. "Hongera," alisema.

Bwana Betri alirudi ndani amelowa jasho, akamtazama Robo Saa juu mpaka chini, ingawa pale hakukuwa na juu. "Twende kwako," alisema.

"Siwezi hata hatua moja. Kimeshika chote."

"Najua." Akainama, akambeba mgongoni kama gunia, miguu ikining'inia.

Mtu akidhani hiyo ilikuwa huruma hajamjua Bwana Betri. Walipofika kwa fundi viatu alisimama. "Sema," alimwamuru mzigo wake. "Ni mimi," alisema Robo Saa. "Ni mimi niliyeiharibu, halafu nikanyamaza." Kwa muuza dawa wakasimama tena, akasema tena, na muuza dawa akauliza wanataka ya kupaka au ya kumeza. Kwa fundi simu, kwa kinyozi, kwa mama wa mboga ambaye hata hakuwa akiishi mtaa huo wakati ule. Kila mahali Robo Saa alisema, na jambo la ajabu ni kwamba kila alipolisema maneno yalitoka kwa urahisi kidogo zaidi, mpaka kwa kinyozi aliongeza habari ya choo bila kuulizwa.

Walipokaribia mlango wake, urahisi wote ulimwishia. "Shemeji," alinong'ona, "huyu niachie nimwambie mwenyewe, taratibu."

"Baada ya robo saa?" alisema Bwana Betri, akagonga.

Mke wake alifungua, akaona kaka yake kwenye kizingiti ambacho hakuwa amekikanyaga tangu msiba wa baba yao, tena amembeba mume wake. Yeye ndiye aliyekuwa amesimama upande wa mume miaka yote. Ndiye aliyekuwa akiwaambia watu kwamba kaka alimvunja moyo baba, na akaacha kula kwake. Robo Saa aliyakumbuka hayo yote akiwa juu ya mgongo wa mtu.

"Mke wangu," alisema, "siku ile, bawa nililitoa mimi. Kaka yako hakuwapo."

Mke wake hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimtazama mume wake, kisha akamtazama kaka yake, na uso wake ukabadilika polepole kama wa mtu anayehesabu upya kitu alichokuwa na hakika nacho.

"Mteremshe," alisema.

"Wapi?"

"Hapo hapo."

Bwana Betri akamkalisha juu ya ngazi ya mlango. Mkewe alimshika kaka yake mkono kwa mikono yake miwili, akamvuta ndani. Robo Saa alimsikia akilia huko ndani, na kaka yake akimwambia basi, basi, yameisha, na yeye akijibu hayajaisha. Hakuna aliyekuja kumtoa pale ngazini, na hakumwita mtu. Kiuno kiliuma na jua lilikuwa kali, lakini kifuani mlikuwa na nafasi ambayo hakujua kama aliwahi kuwa nayo.

Muda si mrefu Bi Mkunga alitokea na mwavuli wake, akamkuta amekaa amepinda mlangoni kwake kama mgeni aliyekataliwa.

"Nilikuwa napita kuuliza habari ya saa yangu," alisema. "Jumapili itaimba?"

Robo Saa alifungua mdomo. Jibu lake la siku zote lilikuwa tayari ulimini, akalimeza.

"Sijui, mama," alisema. "Fundi wake yumo ndani. Mngoje kidogo, anambembeleza dada yake." Akajivuta pembeni kwa shida, akampisha nafasi ngazini.